Kolo, Kondoa: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu kijiji, vilima na michoro

Watu wengi wanaijua Kolo kupitia dirisha la basi tu, wanaona kibao cha michoro ya kale ya miambani pembeni ya barabara, wanasema iko siku nitashuka, na siku yenyewe haifiki. Wengine wanashuka wanapelekwa kwenye mawe wanapiga picha wanaondoka, kijiji chenyewe hawajakiona. Mimi naona ukitenganisha mawe na kijiji hutaelewa hata kimoja, kwahiyo humu nimechanganya vyote, udongo, ng'ombe, mvua, wazee na michoro, kwa kufuata maswali yenu.

Kolo iko wapi hasa?

Wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati na Arusha. Kutoka Dodoma mjini ni kama kilomita 180 hivi, unapita Kondoa mjini halafu unaendelea kaskazini kilomita 20 na ushee. Ukianza kuona barabara inapanda, vilima vinasogea pande zote mbili na hewa inabadilika, jua umeshaingia Irangi, nchi ya Warangi, na Kolo hiyo hapo.

Mbona watu wanasema Dodoma ni jangwa, na picha za Kolo zina miti na vilima?

Hili linaniumiza kidogo manake mtu akisikia Dodoma anafikiria vumbi na mibuyu basi. Dodoma ni kubwa. Kule kwa Wagogo, Bahi, Chamwino, ni tambarare kavu kweli na mvua ni ya kuhesabu, lakini huku juu ni miinuko ya Irangi, kingo za Bonde la Ufa, ukisimama juu ukaangalia mashariki unaona ardhi inashuka na kutandika mpaka nyika ya Wamasai. Juu ya vilima kuna miyombo, chini kwenye joto ndo unakuta mibuyu na migunga. Mvua ni msimu mmoja tu kama Dodoma yote, inaanza Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili, ila huku juu inanyesha zaidi kuliko mjini. Mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi, usije na tisheti peke yake.

Wenyeji wa Kolo ni kina nani?

Warangi. Kirangi ni lugha ya Kibantu, wengi wetu ni Waislamu, ingawa kuna Wakristo pia, Haubi kwa mfano kuna misheni ya Kikatoliki ya zamani. Ni wakulima na wafugaji kwa pamoja: mahindi, uwele, mtama, ulezi, karanga, mbaazi, na miaka hii alizeti imetawala. Asali nayo ipo.

Kinachofanya Kondoa iwe sehemu ya pekee ni majirani. Wataalamu wa lugha wanasema hii ni moja ya sehemu chache sana Afrika ambapo familia kuu zote nne za lugha za bara hili zinakutana: Kirangi ni Kibantu, Kiburunge na Kigorowa ni Kikushi, Wamasai na Wadatoga (mnaowaita Wabarbaig) ni Waniloti, na Wasandawe wanaongea lugha ya kudokoa ulimi, zile sauti za kugonga kama za watu wa kusini mwa Afrika. Wote hao ni mwendo wa siku chache kwa miguu. Sasa ukija kuuliza nani alichora michoro, ukumbuke hii hali ya watu kuingiliana haikuanza jana.

Haya, michoro ilichorwa na nani?

Swali namba moja hili. Jibu fupi: sio sisi Warangi kwa ile mingi ya zamani, na wazee wenyewe hawajidai hivyo.

Michoro iko ya aina mbili kubwa. Kuna myekundu, mistari myembamba, watu warefu wembamba, twiga, tembo, pofu, swala. Hii inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa zamani, na wengi wanaona uhusiano na mababu wa Wasandawe, ambao leo wako kusini magharibi ya hapa, wilaya ya Chemba, kule Kwa Mtoro na Farkwa. Halafu kuna myeupe, minene, imepakwa kama kwa kidole, mara nyingi imekuja juu ya ile myekundu, na hiyo inahusishwa na wakulima wa Kibantu waliokuja baadae. Kwahiyo kwenye jiwe moja unaweza kuona watu wa kwanza na watu waliowafuata wamechora pale pale. Hawakwenda kutafuta jiwe jipya. Mimi hicho ndo kitu kinachonishangaza kuliko hata uzuri wa picha zenyewe, watu tofauti kabisa, lugha tofauti, riziki tofauti, na wote wanafika pale pale wanaona hapa ndo mahali penyewe.

Rangi nyekundu inatokana na mawe na udongo wenye chuma unaosagwa, unachanganywa na mafuta au kitu cha kushikisha.

Ina miaka mingapi?

Hapa watu wanapenda namba kubwa na kila anayekuongoza ana yake. Michoro kuipima umri ni kazi ngumu, lakini kwamba imechorwa kwa kipindi cha angalau miaka elfu mbili hilo linakubalika, na mingi inadhaniwa ni ya zamani zaidi ya hapo. Myeupe ni ya karibuni.

Ila watu kukaa kwenye mapango haya ni jambo la zamani sana, zamani ya kutisha. Pale Kisese, kwenye pango lililochimbwa mwaka 1956 na mwanaakiolojia Ray Inskeep, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipimo vya miaka ya karibuni vimeonyesha za chini kabisa zina zaidi ya miaka 40,000. Fikiria mtu amekaa Kondoa anatoboa ganda la yai la mbuni, analisugua liwe duara, anavaa shingoni, miaka elfu arobaini nyuma. Watoto wetu wanatakiwa wafundishwe hili kabla ya kufundishwa mambo ya mbali.

Mongomi wa Kolo ni nini? Ndo hapo hapo kijijini?

Hapana. Kijijini kuna ofisi ya Mambo ya Kale, na pale unajiandikisha, unalipa, unapewa muongozaji. Mongomi wenyewe ni mlima wa mawe makubwa, unaenda kwa gari la juu au pikipiki karibu kilomita 10 hivi halafu unapanda kwa miguu. Mpando ni mkali ila sio mrefu, wazee wenye nguvu zao wanapanda.

Huko juu kuna maeneo matatu yenye michoro, wanayaita B1, B2 na B3. B1 ndo kubwa, mawe yameegemeana yametengeneza kama vichochoro na paa. Hapo ndo ipo ile picha maarufu ya watu watano, mmoja katikati ameshikwa mikono, wawili kulia wawili kushoto, na baadhi yao vichwa vyao ni kama wamevaa vinyago. Waliokuja kwanza kuisoma wakasema ni mwanamke anatekwa. Wengine baadae wakasema hapana, hiyo ni ngoma ya uganga, mtu amepandisha, yaani amepagawa, na wenzake wanamshikilia asianguke. Mimi naegemea huku kwa pili, kwasababu Wasandawe wana ngoma ya simbo ambayo mtu anapandisha hivyo hivyo, na kwasababu watu hawapandi mlima mkali namna ile kwenda kuchora ugomvi.

Nani aliigundua?

Hakuna aliyeigundua jamani. Wazee walikuwa wanaijua na kuitumia siku zote. Kilichotokea ni wageni kuandika. Wamisionari waliandika habari zake mwaka 1908, enzi za Mjerumani. Mwingereza akaitangaza kuwa urithi wa kulindwa mwaka 1937. Mwaka 1951 watafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey na mumewe Louis, wakaja kupiga kambi na kuzunguka mapango, Mary akanakili karibu michoro 1,600 kwa mkono, moja moja, kwenye karatasi. Kazi ile ina thamani kubwa sana leo kwasababu baadhi ya michoro aliyoiona yeye sasa imefifia, ukitaka kujua ilikuwaje unarudi kwenye nakala zake. Mwaka 2006 UNESCO ikaingiza Michoro ya Miambani Kondoa kwenye Urithi wa Dunia. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, kwahiyo sio Kolo tu, ni Pahi, Kinyasi, Thawi, Fenga na kwingine kwingi. Idadi ya mapango inakadiriwa kati ya 150 na 450, na hiyo tofauti inakuonyesha ni kiasi gani bado hakijatembelewa na mtaalamu yeyote.

Ni kweli watu bado wanatambika pale?

Kweli. Mongomi ni mahali pa kuombea mvua na kutibu wagonjwa. Mvua ikichelewa wazee wa mila wanapanda, wanachinja, wanamwaga pombe ya nafaka, wanaomba. Mtu atakuuliza mbona ni Waislamu? Ndio ni Waislamu, na wanapanda. Shamba lako likikauka mwezi wa pili na watoto wanakuangalia utaelewa.

Sasa hapa ndo kuna mvutano wa kweli na naomba nieleze vizuri. Mtaalamu wa kuhifadhi anakuja anasema pombe ikirushwa kwenye mwamba inaharibu michoro, na ni kweli inaharibu, unaona kabisa michirizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo iko wazi, usiharibu. Lakini huyo huyo UNESCO alipoipokea Kondoa moja ya sababu alizoandika ni kwamba watu bado wanaitumia kwa imani, haijawa makumbusho ya vitu vilivyokufa. Kwahiyo huwezi kumfukuza mzee halafu ukaendelea kujisifia kwa wageni kwamba mila iko hai. Msimamo wangu: tambiko libaki, na namna ya kumwaga pombe ijadiliwe na wazee wenyewe, imwagwe chini au pembeni, pasipo na picha. Lazima wazee wakae mezani kama wenye mahali, sio waitwe kupewa semina. Zamani baadhi ya mapango yaliwekewa uzio wa waya bila kuzungumza na watu, waya ukaishia kutegea wanyama. Na hata kwa upande wa miti ya ule mlima, wanaoulinda kwanza ni hofu na heshima ya watu kwa Mongomi, manake kuna sehemu hutathubutu kukata mti, na mlinzi wa serikali hayupo.

Hazina ya Wajerumani ipo?

Hapana. Tafadhali sana. Kuna watu wamechimba chini ya mwamba wa Mongomi usiku wakitafuta dhahabu ya Mjerumani, wameacha mashimo na kuvuruga tabaka za udongo ambazo ndo zingetuambia historia. Ukichimba pango bila utaratibu ukatupa udongo nje, huwezi kuurudisha, umeshafuta maelfu ya miaka. Ukimuona mtu na sururu kule toa taarifa ofisini.

Lakini Wajerumani walikuwepo Kondoa, au sio?

Walikuwepo, walikuwa na boma Kondoa mjini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipigwa hapa hapa: tarehe 19 Aprili 1916 askari wa farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer waliingia Kondoa katikati ya masika, wamechoka, farasi wanakufa njiani. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kuwashambulia usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei, akashindwa kuwatoa. Kwa vijiji vya jirani maana yake ilikuwa chakula kuchukuliwa na vijana kubebeshwa mizigo, kama ilivyokuwa kila jeshi lilipopita nchi hii.

Yale makorongo makubwa mekundu ninayoona njiani yametokana na nini?

Hii kwangu ndo historia kubwa ya Kolo na vijiji vyote vya Irangi, kuliko hata michoro, ila haina kibao barabarani.

Udongo wa vilima hivi ni mwekundu, laini, ukiuvua miti na majani unaondoka na maji. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inapita Kondoa, ikawa inanunua chakula, watu wakalima zaidi. Nyika za kuzunguka zilikuwa na mbung'o, kwahiyo watu na ng'ombe wakabanana kwenye vilima hivi visivyo na mbung'o. Halafu Mwingereza akaja na kampeni za kufyeka misitu ili kufukuza mbung'o. Ng'ombe wengi, miti hakuna, mvua inakuja kwa nguvu miezi michache. Mlima ukaanza kushuka. Mito ikageuka kuwa mchanga mtupu, mashamba ya mabondeni yakafunikwa, makorongo yakawa marefu kuliko nyumba. Mkoloni miaka ya 1940 alijaribu kuwalazimisha watu kuchimba matuta na kuhama, na kwasababu ilikuwa amri na adhabu, watu walichukia na matuta yenyewe.

Mwaka 1973 ikaanza HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden kupitia shirika lake la misaada, SIDA. Wakachimba makinga maji, wakapanda miti, wakaziba makorongo. Haikutosha, ng'ombe walikuwa wanakanyaga kila kitu. Basi mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Makumi ya maelfu ya wanyama yakatolewa yakapelekwa tambarare kwa ndugu, kwa marafiki, mengine yakauzwa kwa bei ya kutupa.

Wanaosoma hili kwenye ripoti wanaandika "mafanikio". Na kweli mafanikio yapo, majani yalirudi, miti ikajiotea yenyewe, makorongo mengi yakapona, mchanga wa mitoni ukashika magugu na watu wakaanza kulima miwa na mboga pale pale. Ila uliza wazee. Mrangi bila ng'ombe hana mahari, hana maziwa ya mtoto, hana samadi, hana pa kukimbilia njaa ikija. Familia ziligawanyika, baba huku, mifugo na vijana kule. Baada ya miaka kumi ndo ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa wa ndani, wa kukatiwa majani, na wengi hawakuweza kumudu. Nataka mtu akipita akiona vilima vya kijani ajue nani alilipa.

Na sasa hali ikoje?

Fedha za Sweden ziliisha miaka ya tisini, mifugo imerudi kidogo kidogo, uchomaji mkaa upo, alizeti inawavutia watu kulima mpaka kwenye miteremko. Makorongo mapya yapo, nisifiche. Ila vilima havijarudi kuwa vitupu kama vile vya kabla ya HADO, na kuna watu wanatunza makinga maji yao kwa hiari sasa kwasababu wameona faida kwenye debe za mahindi.

Maji wanapata wapi?

Visima, mabomba pale yalipofika, na kiangazi kwenye mito ya mchanga, unachimba shimo, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kikombe. Mto mkubwa wa Kondoa ni Bubu, unateremka kusini mpaka kwenye kinamasi cha Bahi. Ukipita Kondoa mjini uone pia chemchemi, maji yanatoka ardhini yenyewe mwaka mzima, mji wenyewe umekaa pale kwasababu ya hayo maji.

Barabara imebadilisha nini?

Kila kitu. Hii ni sehemu ya ile njia ya zamani ya Cape mpaka Cairo, lakini kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na tope, masika basi linalala njiani na abiria wanasukuma. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Japani na serikali yetu, ilizinduliwa Aprili 2018. Alizeti na mbaazi zinatoka siku hiyo hiyo, mgonjwa anafika hospitali. Hasara yake ni kwamba magari sasa yanapita kwa kasi bila kusimama, zamani ubovu wa barabara uliwalazimisha watu wanywe chai Kolo.

Nikitaka kuja nifanyeje?

Panda basi lolote la Dodoma kwenda Babati au Arusha, mwambie konda akushushe Kolo. Nenda ofisini kwanza, usipande mlimani na kijana uliyemkuta njiani, utapata shida ya kibali na pesa haitafika panapotakiwa. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontroo namba, bei uliza hapo hapo manake zinabadilika na za wazawa ni tofauti na za wageni. Kulala rahisi ni Kondoa mjini, gesti zipo. Wakati mzuri ni Juni mpaka Oktoba. Masika njia ya Mongomi inateleza. Kama una siku mbili, ya pili nenda Pahi au Kinyasi, kuna utulivu kuliko Kolo, au panda Haubi uone ziwa na vilima.

Kula je?

Ugali wa uwele na mlenda. Ukiletewa na maziwa ya mgando au kuku wa kienyeji umepokelewa vizuri. Usikatae mlenda, mwenyeji anaangalia.

Mnaruhusu picha?

Za mwamba ndio, bila flashi. Usiguse michoro, mafuta ya mkono yanaiharibu. Na usimwagie maji ili rangi iwake kwenye picha, hii tabia imeua michoro mingi, ukiona muongozaji anafanya mkataze kwa adabu. Ukikuta wazee wako kwenye tambiko, kaa mbali, zima simu, subiri. Na ukitaka kumpiga mtu picha kijijini, msalimie kwanza, "shikamoo mzee", kaa naye kidogo, umuombe. Akikataa ndio amekataa.

Naweza kuleta wanafunzi?

Leteni, tena leteni wengi. Toeni taarifa ofisini mapema ili wapatikane waongozaji wa kutosha, watoto wagawanywe makundi madogo maana B1 ni pembamba na mabegi yanasugua mwamba. Mabegi yabaki chini kwenye gari. Maji ya kunywa kila mtoto na chupa yake, mlimani hakuna. Na mkishashuka msikimbilie basi, ombeni mzee mmoja wa kijiji awapeleke kwenye korongo na makinga maji ya HADO, awaeleze mwaka 1979 ulikuwaje kwao. Watoto wanauliza maswali mengi pale kuliko kwenye michoro.